Ngeli Ndani ya Kompyuta: Uundaji wa Majina na Ulinganifu katika Lugha za Programu

Makala haya yalizaliwa na orodha ya majina. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya sekondari kaunti ya Makueni, nilikabidhiwa kazi ambayo haikuwamo katika maandalio yangu ya somo: kuingiza majina ya wanafunzi wa kidato cha kwanza katika kompyuta ya ofisi. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyepewa jina la usiku, kama walivyo wengi Ukambani waliozaliwa giza likiwa limetanda. Cheti chake cha kuzaliwa kilimaliza jina hilo kwa irabu *u*. Fomu aliyotoka nayo shule ya msingi ikalimaliza kwa *o*. Nilifuata fomu. Karani wa fedha akafuata cheti. Programu ya shule, ambayo haijui uzazi wala usiku, ikahesabu watu wawili: mmoja mwenye alama na deni la karo, mwingine aliyelipa karo yote na hana alama hata moja.

Mama mtu alifika shuleni akiwa na risiti zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine, kisha akaniambia, "Mwalimu, mwanangu ni mmoja." Sikuwa na la kujibu ila kuomba radhi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ningependa wanachama wenzangu na wahadhiri wetu walitafakari pamoja nami. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunasoma ngeli, upatanisho wa kisarufi, uundaji wa maneno na usanifishaji. Je, elimu hii haina lolote la kusema kuhusu lugha zinazoendesha mashine ambazo sasa zinatunza majina yetu? Maoni yangu ni kwamba inalo, na kwamba tusipolisema mapema, watalisema wengine kwa niaba yetu.

Jina katika programu ni nini?

Lugha ya programu ni lugha ya kubuniwa ambayo mtu huitumia kuiagiza kompyuta kazi. Ina msamiati mdogo wa maneno yaliyotengwa, pengine thelathini au arobaini, na ina sintaksia kali isiyosamehe koma iliyosahauliwa. Lakini kando ya maneno hayo machache, mwandishi wa programu hujitungia majina yake mwenyewe kwa mamia. Akitaka kuhifadhi umri wa mwanafunzi, huupa jina. Akitaka kutunga amri mpya ya kukokotoa wastani wa alama, nayo huipa jina. Kwa kompyuta majina haya ni vibandiko tu: ungeita umri *x7* na ingetii bila kunung'unika. Majina yapo kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye, na mara nyingi binadamu huyo ni mwandishi mwenyewe baada ya miezi mitatu, akiwa amekwisha sahau alichokusudia.

Katika fasihi tunalielewa jambo hili kwa namna yetu. Tunaposoma *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora, tunatambua kwamba Amani na Madhubuti ni majina yaliyobeba kazi. Tunatambua pia kwamba Nasaba Bora ni jina la kejeli, linaloahidi kinyume cha tabia ya mwenye nalo. Hapa ndipo njia za mtunzi wa riwaya na mtunzi wa programu zinapoachana. Kejeli ni pambo la riwaya. Katika programu, amri iitwayo *hifadhi* ambayo kwa kweli inafuta ni balaa.

Kwa sababu hiyo kila jamii ya waandishi wa programu imejiwekea desturi. Kwanza kuna suala la maneno mawili yanayounda jina moja, kwa kuwa lugha nyingi za programu haziruhusu nafasi katikati ya jina. Wengine huunganisha maneno na kuanza la pili kwa herufi kubwa, *jinaKamili*, mtindo unaofananishwa na nundu ya ngamia. Wengine hutenganisha kwa kistari cha chini, *jina_kamili*. Hakuna mtindo ulio bora kwa asili yake. Kinachoudhi ni kuichanganya mitindo yote miwili katika ukurasa mmoja, sawa na insha inayoandika *kwa hivyo* hapa na *kwahivyo* pale.

Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ina mwongozo wake uitwao PEP 8, uliotolewa mwaka 2001. Mwongozo huo unasema amri ziandikwe kwa herufi ndogo na vistari vya chini, aina mpya za vitu zianze kwa herufi kubwa, na thamani zisizobadilika ziandikwe kwa herufi kubwa tupu. Anayeujua akitupia jicho jina moja hujua ni la kitu cha namna gani kabla ya kusoma maana yake. Msomaji aliyekwisha fundisha ngeli atatabasamu hapa. Kiambishi *ki-* kikitangulia, tunajua upatanisho utakaofuata hata kama neno lenyewe hatujawahi kulisikia.

Makosa yanayozeeka

Tuangalie basi lugha ambazo hazikupangwa. Lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf katikati ya miaka ya 1990, inaendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, na waandishi wake hawaachi kuilalamikia. Amri ya kupima urefu wa neno inaitwa *strlen*, bila kistari. Amri ya kubadilisha sehemu ya neno inaitwa *str_replace*, kwa kistari. Ukitafuta kitu ndani ya orodha kwa *in_array*, unataja kwanza kinachotafutwa kisha mahali pa kukitafuta. Ukitafuta ndani ya neno kwa *strpos*, unataja kwanza mahali kisha kinachotafutwa. Mwaka 2013 Lerdorf mwenyewe alieleza chanzo kimoja cha vioja hivi. Katika siku za mwanzo kabisa, programu yake ilipanga amri katika makundi kwa kuhesabu idadi ya herufi za jina. Ili makundi yasijae upande mmoja, aliyapa majina urefu tofauti tofauti. Jina likawa refu au fupi kwa ajili ya haja ya mashine ya wakati ule. Haja hiyo ilikwisha zamani, majina yakabaki.

Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, una amri iitwayo *creat*, iliyokatwa *e* ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wake, alipoulizwa angerekebisha nini lau angeunda mfumo huo upya, alijibu kwamba angeirudisha hiyo *e*. Na katika kanuni zinazotumiwa na kompyuta kuombana kurasa za intaneti kuna neno *referer*, ambalo limekosa *r* moja. Kosa hilo liliingia katika hati rasmi ya mwaka 1996, na hadi leo kila kompyuta duniani inalirudia, kwani kulisahihisha kungezivunja programu zote zilizokwisha lizoea.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilimkumbuka yule msichana wa jina la usiku. Irabu iliyoandikwa na karani mmoja asubuhi moja humfuata mtu kutoka cheti hadi kitambulisho, kutoka kitambulisho hadi shahada. Kando ya reli ya Mombasa, abiria huteremka Mtito Andei, jina ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni *Mũtito wa Ndei*, yaani msitu wa tai. Aliyeliandika alilisikia kwa masikio ya kigeni, akaimeza *w* ya kiunganishi, akaipachika irabu yake kwenye neno la pili, na leo hakuna atakayeng'oa kibao cha stesheni.

Lugha za programu nazo huazima, na mikopo yake huonekana kama maneno ya mkopo katika lugha yoyote. Python inahimiza vistari vya chini, lakini sehemu yake ya kukagua programu ina amri *assertEqual*, na sehemu ya kuweka kumbukumbu ina *getLogger*, zote zikiwa na nundu za ngamia. Sababu ni kwamba sehemu hizo zilifuata mifano iliyotoka katika lugha ya Java, zikaja na lafudhi ya kwao. Python ilipopata toleo la tatu mwaka 2008, baadhi ya majina ya zamani yalisafishwa: *ConfigParser* ikawa *configparser*, *Queue* ikawa *queue*. Usafishaji huo ulikuwa sehemu ya mabadiliko makubwa ambayo watumiaji walihitaji miaka mingi kuyakubali. Anayekumbuka mivutano iliyofuata kongamano la Mombasa la mwaka 1928, ambapo Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hatashangaa. Kusanifisha kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi na wote kwa kiwango sawa. Waulize washairi wa Mombasa na Lamu.

Kanuni iliyojificha: mfano wa majina ya Kikamba

Kabla sijafika kwenye Kiswahili chenyewe, naomba msomaji aniruhusu nipitie nyumbani. Nililelewa Kitui, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nakijua kiambishi cha jinsia katika majina yetu. Mvulana aliyezaliwa usiku ni Mutuku, msichana ni Nduku. Mvulana anayehusishwa na kukawia ni Mutinda, msichana ni Ndinda. Kanuni inang'aa: *mu-* kwa wanaume, nazali kwa wanawake, na nazali hiyo ikikutana na *t* huigeuza kuwa *nd*. Mwanafunzi wa fonolojia hawezi kutamani mfano safi zaidi.

Kisha anakuja Mumbua. Ni jina la mvua, na ni la mwanamke. Mwanamume wa mvua ni Wambua. Ukidhani sasa kwamba *wa-* ndicho kiambishi cha kiume, utakutana na Wayua na Wavinya, ambao ni wanawake. Mueni, mgeni, ni mwanamke. Na mvua ina binti mwingine bado, Syombua. Kwa hivyo *mu-* haijawahi kuwa alama ya uume. Ni kiambishi cha ngeli ya watu, kama *m-* ya Kiswahili katika *mtu* na *mgeni*, na jinsia huonyeshwa kwa njia nyingine ambazo hazikupangwa na mtu mmoja kwa siku moja. Mimi ndiye niliyetunga kanuni kutokana na mifano miwili, kisha nikaishangaa lugha kwa kutoitii.

Nimeyasimulia haya kwa sababu ni kosa lile lile linalofanywa na mwenye kuhukumu lugha ya programu kwa haraka. Huona majina mawili yasiyolingana na kutangaza kwamba hakuna mpango, ilhali pengine mpango upo katika daraja jingine. Kosa hilo nililitenda tena, kama nitakavyoeleza.

Kikamba kinatupa funzo jingine, hili la tahajia. Kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kiwimbi juu: *ĩ* na *ũ*. Katika stakabadhi nyingi viwimbi hivyo huachwa, na msomaji mwenyeji hujijazia mwenyewe. Lakini hata tukiviandika, kompyuta ina njia mbili halali za kuhifadhi *ũ*. Inaweza kuihifadhi kama herufi moja yenye namba yake, U+0169, au kama *u* ya kawaida ikifuatiwa na kiwimbi kinachojitegemea, U+0303. Kwa jicho hazitofautiani hata chembe. Kwa kompyuta, neno *mũndũ*, yaani mtu, linaweza kuwa na vipande vitano au saba, na ukiuliza kama maneno hayo mawili ni sawa, Python itajibu kwamba si sawa. Ipo amri ya kuyasawazisha, lakini sharti mwandishi wa programu ajue kwamba tatizo lipo. Cha ajabu ni kwamba Python hiyo hiyo husawazisha kwa hiari yake majina ya vitu vya ndani ya programu. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kama data huyaacha yalivyo. Kwa kifupi, kigeu kiitwacho *mũndũ* kiko salama kuliko mtu aitwaye hivyo.

Kiswahili kikiwa lugha ya amri

Tangu miaka ya mwanzo ya 2020 imekuwapo lugha ya programu iitwayo Nuru, ambayo maneno yake yaliyotengwa ni ya Kiswahili. Iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuichangia. Hii si mara ya kwanza Kiswahili kuingia katika kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyofasiriwa. Lakini tafsiri ya vitufe ni jambo moja, na lugha ya kuiamuru kompyuta ni jambo jingine. Katika Nuru mtu huandika *andika* ili kuonyesha neno kwenye skrini, *jaza* ili kupokea jibu la mtumiaji, *fanya* ili kuanzisha kigeu, *unda* ili kutunga amri mpya, na *rudisha* ili amri hiyo itoe matokeo. Kuna *kama* na *sivyo* za masharti, *wakati* ya marudio, *vunja* ya kuyakatiza, na *kweli* na *sikweli* za kuhukumu.

Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilishika kalamu nyekundu, maana ualimu haumtoki mtu. *Sikweli* imeandikwa pamoja wakati kanuni za tahajia zinataka *si kweli*. *Ktk* ni ufupisho wa daftari la mwanafunzi anayekimbizana na imla. *Kama* inatumika kwa sharti la kawaida na *ikiwa* kwa kuchagua kati ya hali nyingi, na mgeni atauliza tofauti iko wapi, kwani mitaani maneno haya hubadilishana nafasi. Halafu kuna *yamwisho*, amri ya kupata kipengele cha mwisho cha orodha. Ya? Kipengele ni *cha* mwisho, mwanafunzi ni *wa* mwisho, jina ni *la* mwisho. Nilizungushia duara *ya-* hiyo kwa nguvu.

Baadaye nilitulia. *Sikweli* haiwezi kuandikwa mbali mbali, kwa kuwa neno lililotengwa halipaswi kuwa na nafasi ndani yake. Ni sharti la uandishi, na kusema kweli *sivyo* nayo ilianza kwa *si* iliyoshikamana na neno lake. Na *yamwisho* je? Mtunzi wa amri hawezi kujua orodha itabeba nini: watu, majina, vyeti au mbuzi. Anahitaji upatanisho mmoja usiofungamana na ngeli ya yaliyomo. Sasa angalia *tupu*, neno la Nuru la kukosekana kwa thamani. Katika sarufi yetu kivumishi hiki huwa *mtupu*, *kitupu*, *matupu*. Umbo *tupu* bila kiambishi ni la ngeli ya I-ZI. *Yamwisho* pia ni ya I-ZI. Ndiyo ngeli ambayo Kiswahili huipa sehemu kubwa ya vitu vigeni vinavyobisha hodi: kompyuta, programu, intaneti, data. Nuru imeichukua ngeli ya wageni kuwa ngeli yake ya kawaida. Sijui kama waundaji waliikusudia hivyo au sikio lao la Kiswahili ndilo lililoamua. Vyovyote iwavyo, kanuni ipo, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeirukia kama nilivyomrukia Mumbua.

*Ktk* bado inaniudhi.

Mahali ambapo mwanaisimu anahitajika

Maneno yaliyotengwa ni machache, na mabishano yake yatakwisha. Kazi kubwa imo katika majina ambayo kila mwandishi atajitungia, na hapa Kiswahili kina tabia zake ambazo miongozo ya Kiingereza haikuzifikiria.

Chukua umoja na wingi. Mwandishi wa Kiingereza huonyesha orodha kwa kuongeza herufi moja mwishoni mwa jina, herufi ambayo jicho lililochoka huikosa. Sisi hubadilisha mwanzo: *mwanafunzi* ni mmoja, *wanafunzi* ni orodha, na hakuna wa kuchanganyikiwa. Ni faida ya wazi. Lakini jaribu kupitia orodha ya nyumba. Nyumba moja ni *nyumba*, na nyumba mia ni *nyumba*. Ngeli ya I-ZI, ile ile tuliyoisifu hivi punde, haitofautishi umoja na wingi katika nomino yenyewe. Tofauti imo katika upatanisho tu, *nyumba hii* na *nyumba hizi*. Kompyuta hairuhusu vitu viwili vitumie jina moja mahali pamoja bila kimoja kukifuta kingine. Nilipoandika programu ndogo ya kuhesabu kalamu na karatasi za ofisi, orodha yangu ya kalamu ilipotea kwa sababu hiyo hasa, na nilikesha nikimtafuta mchawi. Sasa huandika *orodha_kalamu* kwa wingi wa ngeli zote, hata pale ambapo *wanafunzi* ingetosha. Inaongeza herufi, lakini kanuni moja inayoshughulikia ngeli zote ni afadhali kuliko tatu zinazopendeza.

Mpangilio wa maneno nao una mambo yake. Kiingereza hutanguliza kinachomilki, kwa hivyo majina ya vitu vya mwanafunzi, yaani jina lake, umri wake na alama zake, yakipangwa kialfabeti hukaa pamoja. Kiswahili hutanguliza kinachomilkiwa: *jina_mwanafunzi*, *umri_mwanafunzi*, *alama_mwanafunzi*. Yakipangwa kialfabeti, mwanafunzi hutawanyika na badala yake *jina_mwanafunzi* hukaa jirani na *jina_mzazi*. Mwenye kusaka makosa katika majina, kama yaliyonipata Makueni, atapenda mpangilio huu. Mwenye kutaka kujua yote kuhusu mwanafunzi mmoja atauchukia. Wapo wanaopindua na kuandika *mwanafunzi_jina*. Sikio langu linakataa, lakini siwezi kudai kwamba sikio ni hoja ya kutosha.

Vitenzi vyenye asili ya Kibantu havina taabu. *Tafuta*, *panga* na *gawa* ni amri, na hakuna atakayezidhani kuwa vitu. Taabu iko kwa baadhi ya vitenzi vya asili ya Kiarabu. *Hesabu* ni tendo la kuhesabu na pia ni matokeo yake. *Jibu* ni kitendo na pia kitu kinachotolewa. *Tafsiri* vivyo hivyo. Mwandishi akiita amri yake *hesabu* na matokeo yake *hesabu*, tumerudi kwenye kisa cha kalamu. Nyongeza ya *ku-* ingeweza kutofautisha, *kuhesabu*, lakini basi amri zote zingelazimika kuvaa *ku-*, na tungepoteza ule ufupi wa *andika*. Mimi ningependelea matokeo ndiyo yabadilike: *jumla*, *idadi*, *jibu_lililopatikana*.

Gumu kuliko yote ni maswali ya ndiyo na la. Programu hujaa maswali hayo: je, mwanafunzi ana deni? Shule ina umeme? Kiingereza hutumia neno moja la kumiliki kwa kila kitu cha umoja, na waandishi wake hulitanguliza kwenye jina bila kufikiri. Kiswahili kinadai kiambishi cha nafsi au ngeli: *ana_deni*, *ina_umeme*, *kina_kurasa*, *lina_mlango*. Ni uzuri wa lugha, kwani jina linatuambia pia ni la kitu cha aina gani. Hata hivyo mwandishi anayetunga swali moja la kutumiwa kwa mtu, shule, kitabu na jengo hana kiambishi cha kumfaa. Nimejaribu *kuna*, ya ngeli ya mahali, isiyomtaja mwenye kitu: *kuna_deni*, *kuna_umeme*. Inasomeka. Ina upungufu kwamba umiliki umegeuka kuwapo tu, na mwanafunzi mwenye deni si sawa na deni kuwapo mahali fulani. Pengine mhadhiri mmojawapo atapata suluhisho bora. Mimi hapa nimekwama.

Jambo hili si la anasa. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Mutomo au wa Kibwezi atakayekutana na somo hilo anaweza kulipokea kwa maneno ya Kiingereza peke yake, au akalipokea kwa Kiswahili kilichochanganyikana. Kuchanganyikana kwenyewe tunakujua. Shuleni nilifundishwa *tarakilishi*. Kwenye maandishi ya Tanzania nikakuta *kompyuta* na pia *ngamizi*. Kifaa cha kuelekezea ni *kipanya* kwa huyu na *puku* kwa yule. Na cha kufungulia barua pepe ni *nywila* au *neno la siri*, kulingana na aliyekufunza. Binadamu huvumilia visawe. Katika programu, visawe viwili ni vitu viwili, na kama ilivyompata yule msichana, kimoja kitalipa karo na kingine kitadaiwa.

Kwa hivyo nimeanza na ninachokiweza. Pamoja na wenzangu wawili wa darasa tumeandika ukurasa mmoja wa mapendekezo ya uundaji wa majina kwa Kiswahili: wingi kwa *orodha*, amri kwa kitenzi cha kuamrisha, matokeo kwa nomino isiyofanana na amri yake, kistari cha chini badala ya nundu ya ngamia, na viwimbi vya Kikamba kusawazishwa kabla ya jina la mtu kulinganishwa na jingine. Sehemu ya *ana*, *ina* na *kuna* tumeiacha wazi. Ukurasa huo umebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, na chini yake tumeacha nafasi ya kuandikia. Hadi ninapoandika makala haya umepata maoni manne, moja likiwa ni masahihisho ya tahajia ya jina langu.

Yule msichana tulimsahihishia rejista kabla sijaondoka. Karani alifuta *o*, akaandika *u*, akamwita aje asome mwenyewe kwenye skrini. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza kama sasa matokeo ya muhula wa kwanza yatamfuata huku au yatabaki kwa yule mwingine.